Mlango wa Fundi Cherehani

Zawadi mjukuu wangu,

Marahaba. Mimi ni mzima, ila mgongo umechoka na zege la huku Dodoma. Nimefurahi goti la bibi yako limepona; mwambie asikimbilie shamba.

Unauliza kama usugue alama kwenye mbao za maduka yaliyovunjwa hapo Mwanga kabla ya kuzigundisha kwenye picha yako ya mtaa mpya. Ujanani nilipata kibarua cha kusafisha duka la fundi cherehani hapohapo, Idi ikikaribia. Mlango wake ulijaa michoro ya chaki. Nikausugua kwa sabuni mpaka ukang'aa, nikangoja sifa.

Fundi akashika kichwa. "Wewe kijana! Umeivua nguo Mwanga nzima!"

Kumbe vilikuwa vipimo vya wateja. Siku mbili nilizunguka nyumba kwa nyumba kuwaita wakapimwe upya, akina mama wakinicheka: "Ndiye huyu aliyefuta kiuno changu?"

Hapa kazini tunabomoa kuta kila siku, na kila nikiona alama mkono wangu unasita. Kwa hiyo usisugue bado. Wapelekee mbao hizo waliokuwa na maduka. Wengine bado wanauza kando ya majengo mapya. Nenda leo. Wakihama, hakuna atakayekusomea alama hizo.

Babu yako