Mtutu wa Sentimita Ngapi?

Jumatatu, 15 Septemba

Kajaani, kwa daktari wa masikio. Alinifungia kwenye kile kichumba cha kupimia usikivu: bonyeza kitufe ukisikia mlio. Nikabonyeza. Mara nyingine nilibonyeza kwa kubahatisha — akajua! La kushoto limekwisha, kasema. Limebaki la kuvalia hereni. (Hereni nimeongeza mimi.) La kulia bado zima, ila ndilo pekee. Miaka yote hiyo ya bunduki, nikajiambia, Raili, ulitegemea nini?

Nikamwambia nina mbwa. Hakuelewa, mtu wa mjini yule. Kwenye kikundi chetu cha uwindaji mimi ndiye ninayemfuata mbwa. Tuisku akimpata hirvi, yule kulungu wa huku aliye mkubwa kama farasi, humsimamisha kwa kubweka, nami nanyatia peke yangu kwa kufuata sauti. Simu inanionyesha alipo, na anabweka mara ngapi kwa dakika. Haionyeshi kama yule mnyama ametulia au anataka kutimka. Hiyo iko kwenye koo la Tuisku. Na vile viziba masikio vya umeme siviwezi — nikivivaa na sikio langu moja, namsikia mbwa pande zote.

Sikio hili likienda, kazi atapewa mwingine. Reijo, kiongozi wetu, hatasema kwa ubaya. Atanikalisha barabarani kungoja, na chupa ya kahawa. Naogopa hiyo chupa kuliko dubu.

Kwa hiyo nimenunua kiwambo cha kuzuia sauti. Kizuri! Ila bunduki sasa imekuwa ndefu kama mlingoti. Sharti mtutu ukatwe. Ukatwe kiasi gani?

Alhamisi, 18 Septemba

Kahawa kwa Reijo. Nilitupa swali mezani, yakawa makelele.

Kaka yangu Urpo: arobaini na mbili, basi! Wake ni huo, anapita nao kwenye misonobari kama nguchiro. Reijo: hapana, hamsini, kama wangu. Urpo: wako unafaa kuanikia nguo. Reijo: na wako unawasha moto kabla ya kuua.

Hapo nikakaa wima. Moto? Reijo akaeleza, soseji mkononi. Mtutu ukiwa mfupi, risasi inatoka kabla baruti haijamaliza kuungua. Inayobaki inalipukia nje, ndani ya kiwambo, na kiwambo hakiwezi kumeza yote. Mtutu mrefu unamalizia kazi ndani. Unatulia zaidi.

Kumbe! Maisha yangu yote nilidhani kelele ni ya risasi. Nimekuja nyumbani nikiliwaza hilo tu. Mfupi unapita vichakani lakini unaniharibia sikio. Mrefu unanitunzia sikio lakini unagonga matawi, na hirvi akisikia chuma kikigonga tawi haulizi mara ya pili.

Nani atasikiliza tofauti? Mimi siaminiki. Urpo na Reijo kila mmoja atasikia bunduki yake ndiyo tulivu.

Jumapili, 21 Septemba

Nimepata wa kusikiliza! Tuisku.

Tulikwenda uwanja wa shabaha, sisi watatu na yeye. Bunduki tatu za risasi ya aina moja: yangu ya sitini kama ilivyotoka kiwandani, ya Reijo ya hamsini, ya Urpo ya arobaini na mbili. Kiwambo kimoja, kinaingia kwenye zote. Tuisku nilimlaza mbali kidogo nyuma yetu na mfupa. Urpo akapiga, mimi nikatazama masikio — ya mbwa.

Yangu: sikio moja likageuka, basi. Ya Reijo: vilevile, akaendelea na mfupa. Ya Urpo: aliinuka, akauacha mfupa, akaenda kukaa mlangoni kwa gari! Reijo alicheka mpaka akakohoa. Urpo akasema mbwa amehongwa.

Hamsini, basi. Jibu lilikuwa mkononi. Lakini mimi sijui kutosheka. Nikataka kujua ni kitu gani hasa alichosikia. Nilivua viziba masikio vya kawaida nilivyovaa, Urpo akapiga tena na ule mfupi.

Nimejua. Kofi la mlango wa chuma. Sikio linalia mluzi mpaka sasa hivi ninavyoandika. Mjinga mimi! Sikuwaambia. Niliulizwa mbona nimenyamaza, nikasema njaa.

Jumatano, 1 Oktoba

Mluzi umekwisha. Asubuhi nyingine sikio linakuwa kama limeshindiliwa pamba, halafu linazibuka. Sitaki kulifikiria. Namsikia Tuisku akiwa kwenye zizi la jirani, inatosha.

Nilipeleka bunduki kwa Oiva, fundi bunduki. Nimemwambia: hamsini. Tayari alikuwa ameushika msumeno. Akauweka chini.

— Hamsini ya nani?

— Ya Reijo.

Akaguna. Akasema wanaume wa kijiji hiki wanapima mitutu kama wanavyopima samaki. Akanipigisha simu. Reijo, uliupimaje? Reijo kwa fahari: kwa futikamba, kuanzia chuma kinapochomoza mpaka mdomoni!

Oiva alifumba macho. Mtutu haupimwi hivyo. Unafunga komeo la bunduki, unaingiza ufito kwa mdomoni mpaka ugote, unapima ufito. Ile sehemu ya ndani inayoshika risasi nayo ni mtutu. Hamsini ya Reijo ni hamsini na sita! Angenikatia hamsini ya kweli ningepata kitu ambacho Tuisku hajawahi kukisikiliza. Na chuma kilichokatwa hakirudishwi kwa gundi.

Reijo kwenye simu: mimi nimepima ninachokiona, kisichoonekana sikijui!

Nikawaza. Nikasema hamsini na sita. Matawi nitapambana nayo. Urpo jioni: sentimita nne tu? Dada yangu, ulikwenda kukata mtutu au kucha?

Jumamosi, 11 Oktoba

Siku ya kwanza ya kuwinda na mbwa. Naandika msituni kwa penseli, nimeketi juu ya jiwe. Upepo umegeuka, unanipiga mgongoni. Nikisogea sasa hirvi atanusa. Lazima nisubiri. Mvua nyepesi.

Tuisku alimpata mapema tu. Nilimsikia kwa sikio langu kabla ya kutoa simu mfukoni! Koo zito, la polepole — dume, ametulia. Nilinyatia vizuri. Mtutu uligusa tawi mara moja tu. Hakuna aliyeondoka. Nimefurahi kama mtoto. Dume yuko ng'ambo ya kile kichaka, mita mia na kitu.

Upepo bado.

Tuisku amenyamaza. Ghafla, katikati. Dume ametimka? Lakini angetimka mbwa angelia ule mlio wa kukimbiza. Hakuna. Kimya kabisa, hata matawi.

Ujumbe wa Urpo, yuko barabarani, mbali kuliko mimi: SIKILIZA ANAVYOIMBA HUYO! NAMSIKIA HADI HUKU!

Nimetazama simu. Anabweka mara sabini kwa dakika. Hajasimama hata kidogo.

Nimevua kofia. Nimegeuza sikio la kulia. Nimemeza mate, nimepiga miayo, lizibuke. Kofia iko mapajani na matone yanaigonga, makubwa sasa. Nayaona tu.

Upepo umerudi mbele. Urpo tena: Mbona husogei?