Jicho Zima la Mama Yako

Redempta mwanangu,

Usishangae mwandiko. Mama yako ndiye aliyekuwa akiniandikia, sasa haoni, naandika mwenyewe. Migomba imebeba, ng'ombe mwekundu amezaa, na corona yenu haijakanyaga kihamba changu, shamba hili la babu zangu.

Majirani wamekupa habari zao za jicho la mama, sasa sikia zangu. Mama yako alichomwa na kijiti cha kahawa kwenye lile jicho zima, maana jingine lilishakufa zamani. Nilimpeleka hospitali Moshi mwenyewe. Getini nesi akasema, "Shikamoo baba. Vaeni barakoa, mnawe, mpimwe joto. Jicho la kuchomwa halipangi foleni, anaingia sasa hivi."

Nikamwambia, "Binti, nimepandisha wazungu kilele cha Kilimanjaro mara sitini. Pua yangu haifungwi kitambaa."

"Basi wewe subiri nje, mama aingie peke yake."

Mama yako akasema, "Baba Redempta, niache niingie."

Mke wangu haingii mahali ninapozuiwa mimi. Nikamshika mkono, tukarudi. Nyumbani nikamtia maziwa ya ng'ombe jichoni. Siku ya nne likatoa usaha.

Barua yako imefika. Unasema nimlete huko Dar, kuna daktari anaweza kuliokoa jicho lake akifika kabla mwezi haujaisha. Nilimsomea salamu zote na habari za wajukuu. Hapo pa daktari niliruka. Kila asubuhi ananiuliza kama uliandika lolote kuhusu jicho lake. Namwambia hukuandika.

Ni mimi baba yako, mzima wa afya,
Kastori