Mipango ya Toleo la Nne

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, nyingi kadiri bahasha itakavyobeba, na zitakazokosa nafasi zije kwa miguu. Natumaini kile kikohozi cha baridi kimekuachia, na hao wanafunzi unaowafundisha kompyuta hawajakumaliza sauti. Mimi ni mzima wa viungo vyote isipokuwa mdomo, ambao kama ujuavyo ulizaliwa na ugonjwa wake. Mama naye hajambo. Macho yamezidi kufifia, lakini masikio yake, mdogo wangu, yanasikia hata mtu akificha jambo chumba cha pili.

Najua unashangaa kuona karatasi kutoka kwa mtu aliyetangaza mbele ya watu kwamba karatasi imekufa na yeye ndiye aliyeizika. Anwani yako nimepewa na mwalimu wa hesabu, yule mwanachama wetu wa miwani iliyofungwa uzi. Kumbe nyinyi wawili mmekuwa mkiandikiana siku zote. Alinipa kwa shingo upande, kama mtu anayemkabidhi mlevi funguo za nyumba.

Nianze na habari za duka, maana huko ndiko msiba ulikotokea. Duka ni lile lile. Redio zimelala mezani matumbo wazi, moshi wa risasi ya kuchomelea umeweka weusi darini, na kompyuta yako hadi juzi ilikuwa pale pale pembeni, imefunikwa kile kitambaa alichokishona mama. Wateja hawajapungua. Fundi wa kunishinda bado hajazaliwa, na akizaliwa atakuja kwangu kujifunza. Nimetengeneza redio za marubani, za mapadri na za jela moja nzima (nilikwenda kama fundi, usianze), na sijawahi kurudishiwa kazi. Hilo ni kweli. Nalisema mapema kwa sababu chini huko mambo ya kweli ya kujisifia yataadimika.

Basi unakumbuka ulipoondoka uliniachia ubao wetu ukiwa na wanachama kumi na tisa. Mimi niliwafikisha thelathini na mmoja. Niliwafuata mmoja mmoja, mfamasia, karani wa posta, wenye maduka, nikawaeleza kwamba ni kama ubao wa matangazo ule wa sokoni, ila huu unaupigia simu: kompyuta yako inaita ya kwangu, unasoma waliyoandika wenzako, unaacha lako, unakata, anaingia mwingine. Modemu ya kuiunganisha kompyuta na simu niliitafuta mimi. Waya niliuvuta mimi, nikaanguka kutoka kwenye ngazi mbele ya watu nikasema nilikuwa nashuka. Lakini kila mgeni aliyefika dukani alisimama mbele ya kile kioo, akasoma ukurasa wa kwanza ulioandikwa jina lako kama mtunzi wa programu, kisha akaniuliza wewe uko wapi. Yaani mimi niko hapa na bisibisi mkononi, mtu ananiuliza mwenyewe yuko wapi! Mwalimu wa hesabu ndiye aliyenimaliza. Alisema mbele ya wenzake kwamba kazi yangu pale ni nzuri sana, kila mashine inahitaji mlinzi wa mlango.

Nilicheka. Nilicheka zaidi ya wote. Lakini neno lile liliingia likakaa, na wewe unajua kwamba mimi niliacha shule darasa la saba ili mmoja wetu aendelee, na aliyeendelea si mimi. Sikulaumu. Nakuonyesha tu mahali mwiba ulipokuwa.

Ndipo akaja bwana mmoja wa gazeti. Alipiga simu Ijumaa kwamba kesho yake atafika na mpiga picha kuandika habari za ubao wetu. Jumamosi asubuhi nilinyoa, nikavaa shati la arusi ya binamu, nikafungua ule ukurasa wa kwanza, nikafuta jina lako nikaandika langu. Ilinichukua muda mfupi kuliko kunyoa. Nilijiambia ni kwa ajili ya picha tu, na jioni nitalirudisha. Picha ilipigwa saa nne. Saa kumi jioni wewe uliupigia ubao kama ulivyokuwa ukipiga kila Jumamosi kumwachia mama ujumbe, na mimi nilikuwa mlango wa pili nikiwasimulia watu jinsi nilivyohojiwa.

Programu yako haisahau mtu. Niliporudi nilikuta imeandika kwamba uliingia saa kumi na dakika nne, ukatoka saa kumi na dakika sita, bila kuacha neno, na tangu hapo hukupiga tena. Dakika mbili. Nimekaa mwaka mmoja na miezi minne na hizo dakika mbili. Jina lako sikulirudisha, kwa sababu Jumatano gazeti lilitoka, na mtu aliyekwisha kuingia gazetini kama mtunzi hawezi Alhamisi kuwa mlinzi wa mlango. Gazeti nililitia fremu nikalitundika juu ya kompyuta.

Wanachama waliokuwa wakilijua jina lako niliwaambia umeniachia kazi yote. Sasa mtunzi lazima atunge. Wanachama walianza kuuliza toleo jipya litakuwa na nini. Nami nilikuwa na ile hati yako uliyoiacha kwenye mashine, Mipango ya Toleo la Nne. Loo, ilinilisha! Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi wanachama walikuja dukani, wakakaa kwenye viti na masanduku ya televisheni, nami nikasimama kuwatolea kipengele kimoja kana kwamba nimekiokota kichwani njiani. Watu wawili kuingia kwa wakati mmoja kwa laini mbili. Sehemu ya kutafuta ujumbe wa zamani. Herufi kubwa kwa mtu mwenye macho mabovu. Hicho cha tatu wewe uliandika ni kwa ajili ya mama. Mimi nilisema nimewafikiria wazee wote wa dunia, wakapiga makofi.

Walipouliza lini, nilisema mwisho wa mwezi. Mwezi gani, sikusema. Mwalimu wa hesabu aliweka alama kwenye kalenda yake ya mfukoni, na alama zilipofika saba akasema kwamba yeye amefundisha wavivu miaka ishirini na anaijua sura ya mtoto ambaye hakufanya zoezi. Akasema vyaelea, naam, vimeundwa, lakini anataka kumwona muundaji akiunda. Wengine wakaitikia. Wakakubaliana kwamba Jumapili ile ile, pale pale, nifungue programu, nifanye kipengele kimoja tu mbele yao. Wakachagua herufi kubwa, kwa sababu mama alikuwa ameingia na birika la chai na yeye ndiye atakayejaribu kusoma.

Mtu mwenye akili angesema kichwa kinamuuma. Mimi nilikunja mikono ya shati.

Mdogo wangu, nilifungua maandishi yako ya programu. Nimefungua redio za mataifa yote nikazifunga tena, lakini yale yalikuwa kama kumwangalia mtu akiwaza. Niliona mahali palipoandikwa namba, nikaziongeza. Niliona mstari ulioonekana hauna kazi, nikaufuta. Nilihifadhi kwa mbwembwe, nikawasha ubao, na ubao ukafa. Haukulia, haukuandika kosa. Kioo kilibaki cheusi na ile alama ndogo ikipepesa, kama jicho la mtu anayekusikiliza ukidanganya.

Wakauliza nakala iko wapi. Ulituachia disketi moja imeandikwa kwa wino mwekundu isiguswe. Niliigusa. Niliifuta mwaka jana nikaweka humo maneno ya ile habari ya gazeti, yasipotee.

Mwalimu akaniondoa kwenye kiti, kwa adabu, siwezi kumsingizia. Alisema labda mwenye programu ameacha maelekezo, akafungua ile hati ya mipango. Akafika mwisho wa ukurasa wa kwanza, pale chini palipoandikwa bonyeza uendelee, akabonyeza. Mimi sijawahi kubonyeza, na utaniona mjinga, lakini kusoma kwangu ni kama kula muwa: natafuna kipande nilichonacho, natema makapi, nasifu utamu. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na vipengele tisa. Tisa vilinitosha kujisifu mwaka mzima. Sikujua kuna wa pili.

Alisoma kwa sauti, ile ya darasani. Cha kumi, cha kumi na moja, mambo ya kiufundi. Alipofika cha kumi na nne akasita, akanitazama juu ya miwani, akasoma. Wewe unakijua, lakini nakiandika ili ujue nami sasa nakijua. Kwamba kwenye ukurasa wa kwanza wa toleo la nne jina la kaka lije mbele ya lako, kwa kuwa programu bila watu ni mashine inayojipigia simu, na watu amewaleta yeye. Na kwamba asiambiwe kwanza, aone mwenyewe siku ya uzinduzi, upate kumwona walau siku moja amekosa la kusema.

Umefaulu. Nilikosa.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka; kicheko nakijua dawa yake. Walichukua kofia zao mmoja mmoja, na karani wa posta akarudisha sanduku alilokalia mahali pake ukutani, taratibu, kama watu wanavyofanya kwenye nyumba yenye mgonjwa.

Hayo mengine huenda mwalimu alikwisha kukuandikia. Hili ninalolifikia sasa hakulijua, na ndilo lililonishikisha kalamu.

Uliponyamaza, mama alisubiri Jumamosi mbili. Nilimwambia umepata kazi kubwa huko, na watu wakipata kazi kubwa shingo zao hugoma kugeuka nyuma. Mama hakukubali. Alinikalisha akasema niandike maneno yake niyaweke kwenye ubao uyakute. Mara tatu alinikalisha hivyo. Niliandika yote kwenye daftari la wateja, nikamwambia nimeyapeleka. Sikupeleka hata moja. Kila alipouliza, nilimwambia umeyasoma na hukujibu. Baada ya la tatu akaacha kuuliza. Umenyamaza ukidhani tumekutupa, naye amenyamaza akidhani umemtupa, na katikati yenu nilikuwa mimi, mlinzi wa mlango, nimefunga pande zote mbili.

Neno la kwanza alisema: mwambie nimesomewa gazeti la kaka yake tangu juu hadi chini na sikulisikia jina lake, nataka anieleze yeye mwenyewe kwa nini. Unaona kwa nini sikulipeleka. Ungemjibu. La pili: mwambie kitanda chake nimekisogeza dirishani, chumba sijampa mtu. La tatu lilikuwa fupi. Mwambie kama kuna mahali nimemkosea, anitajie kosa.

Karatasi zenyewe nimezichana kwenye daftari na zimo humu ndani, pamoja na vipimo vya spika vya mtu fulani kwa nyuma.

Wanachama walipokwisha kutoka Jumapili ile, mama alibaki na birika mkononi. Aliuliza jambo moja tu, yale maneno yake matatu yalikwenda au hayakwenda. Nina majibu ya kila kitu duniani, unanijua. Nilisema hayakwenda. Akaweka birika chini, akapapasa ukuta mpaka akaifikia fremu, akaishusha, akaiegemeza kwenye mguu wa meza ikitazama chini. Halafu akaniaga. Alisema, haya fundi.

Leo ni siku ya tisa. Chakula napata, maji ya kuoga yapo, wala hanitukani. Ila ananiita fundi, kama mtu aliyekuja na pasi yake iliyoharibika. Asubuhi ananiuliza kama fundi ameamka salama. Nimefanya mizaha yangu yote, hata ule wa daktari wa meno ambao ulikuwa ukimtoa machozi. Ananisikiliza mpaka mwisho kwa heshima ya mteja. Mimi ambaye nimekaa nchi za watu nikaitwa majina ya kila aina, sijawahi kuitwa neno lenye baridi kama hilo, na ni kazi yangu halisi, siwezi hata kulikana.

Barua yake kwako alikwenda kuandikiwa na mwalimu. Mimi hakunituma hata stempu. Kwa hiyo utapata mbili, na kama hii imetangulia, iweke pembeni usubiri ile.

Wanachama wameniagiza nikuombe nakala ya programu, na ninafikisha ujumbe, angalau huu. Mimi sikuombi. Ukipenda kuituma, mtumie mwalimu. Kompyuta nimeshampelekea nyumbani kwake, na modemu, na kile kitambaa. Kwenye kona ya duka imebaki alama ya vumbi ya miguu minne. Nimeweka redio hapo. Haijaziba.

Na kama siku moja utalitengeneza toleo la nne, nakuomba fanya vyote, hasa kile cha tatu cha herufi za mama. Cha kumi na nne kifute. Si unyenyekevu, huo sina, hata Mungu anajua hakunipa. Ni kwamba mama atasomewa ukurasa wa kwanza, na sitaki alisikie jina langu pale akamuuliza msomaji huyo ni nani.

Wasalimie wanafunzi wako, na uwafundishe kubonyeza mpaka ukurasa wa mwisho. Jikinge na baridi. Mama angekusalimu kupitia kwangu, lakini safari hii ameziweka salamu zake mahali salama.

Ni mimi, niliyekuwa kaka yako na ninayetaka kuwa tena,

Fundi.