Ushanga Mweupe, na Mume Yuko Hai

Yaya Pierrette mpendwa, dada yetu wa redioni, naomba msaada wako, na naomba barua hii uisome hewani pamoja na majina yetu, maana mume wangu Antoine hukusikiliza kila wiki redio ikiwa kifuani pake, na kuna mambo nimeshindwa kumwambia nikimtazama usoni. Watu wa hapa kwetu Kabuta wanayajua tayari, kwa hiyo usihangaike kunificha.

Mimi ni Luse, mzaliwa wa huku ziwani. Antoine alivuka kutoka Kongo wakati wa vita pamoja na mama yake na mdogo wake Pitchou, tukakutana Kashikishi nikiuza samaki wakavu, akanioa kanisani, tukaishi vizuri mpaka msimu mmoja wa kufungwa ziwa, uvuvi umekatazwa, nyavu zimewekwa chini na nyumbani hakuna kitu, akapanda mti wa ngazi, ndio mchikichi, kukata matunda ya mafuta mekundu, kamba ya kupandia ikakatika, akaanguka akavunjika mgongo. Tangu siku ile hasikii kitu kuanzia kitovuni kushuka chini. Hospitalini walinifundisha kumgeuza asipate vidonda, wakanifundisha mpira wa mkojo, nikajifunza yote, na Mungu ni shahidi, sijamchoka.

Shida ni mtoto, Yaya. Nasema wazi kwa sababu wewe ni mama: mwili wake wakati mwingine unaamka, tunakuwa pamoja kama mtu na mkewe, lakini hakuna kinachotoka, na yeye hugeuza uso ukutani akalia bila sauti, nami nalia upande wangu. Mama mkwe aliponiuliza nikamweleza, akasema, "Mutoto wangu, mugongo njo nyumba ya mbegu. Nyumba ikibomoka, mbegu inamwangika yote. Usingoje tena kitu kwa Antoine." Tukaamini. Hospitalini hatukuuliza, utamuulizaje nesi kijana aliye sawa na mdogo wako jambo la namna hiyo?

Basi mama mkwe akasema Pitchou aingie nyumbani kwangu, mtoto apate damu ya baba yake, kama wanavyofanya kwao kaka akifa. Tangu aliposema hivyo, Pitchou akitoka kisiwani Chisenga anaacha samaki wakavu mlangoni na kumsalimia kaka yake kutoka nje, naye zamani alikuwa anakula sahani moja na Antoine. Mjomba wangu Kalumba naye akakasirika, akasema kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, baba ni yeyote, akaja na ushanga mweupe kwenye uzi, ule anaofungwa mjane ili roho ya marehemu imwachie apate kuolewa tena. Yaya, aliuleta mchana, mbele ya mume wangu aliyelala mkekani anatuangalia. Nikasema, "Mjomba, mume wangu yuko hai." Kabla mjomba hajajibu, Antoine mwenyewe akasema, "Mumufunge tu, mujomba. Miye nilikufaka ku ngazi."

Mjomba hakuufunga. Aliuweka kiganjani mwangu, akasema atarudi ziwa likifunguliwa kuchukua jibu, nami nimeuficha kwenye kopo la chumvi, na kila nikipika nauona. Nimpokee Pitchou, nifunge ushanga, au nikae hivi mpaka nizeeke? Naogopa kwa sababu nataka mtoto, nataka mtoto mpaka naona haya kubeba wa wenzangu, na naogopa siku moja nitakubali moja ya hayo halafu nitarudi ndani kumgeuza Antoine kwa mikono hiihii.

Luse, Kabuta

*

Luse, mdogo wangu, nimekulilia. Sasa nimemaliza kulia, nisikilize, kwa sababu nina hasira pia.

Nani aliwaambia mbegu inakaa mgongoni? Mama mkwe wako simlaumu, hata mimi bibi yangu alinilea na maneno hayohayo. Lakini wewe ulijifunza mpira wa mkojo, ulijifunza vidonda, ukashindwa kuuliza swali moja kwa sababu nesi ni kijana! Haya hiyo nusura ikuvunjie nyumba. Kabla ya kukujibu nilimuuliza daktari. Mbegu za mwanaume hutengenezwa kwenye korodani, na korodani za Antoine hazikuvunjika. Kilichoumia ni neva zinazopita ndani ya uti wa mgongo, ambazo hubeba amri ya kutoa mbegu. Amri haifiki, ndiyo maana unaona kukavu. Wanaume wengi walioumia kama yeye wako hivyo, na wengi wao mwili bado unatengeneza mbegu, ingawa mara nyingi mbegu hizo ni dhaifu na hazikimbii vizuri.

Madaktari wana kifaa cha kutetemesha kinachoamsha mwili utoe. Kikishindwa, wana njia ya umeme mdogo, na ikibidi huzichukua mbegu kwa sindano au upasuaji mdogo, halafu mke huwekewa siku zake za kushika mimba zikifika, au yai na mbegu hukutanishwa nje ya mwili. Siwaahidi mtoto. Wengine hupata, wengine hawapati, na njia nyingine ni za gharama kubwa na ziko mbali sana na huku kwetu. Msinunue kifaa cha mtaani mkajaribu wenyewe. Kuna walioumia juu zaidi mgongoni, wakiamshwa hivyo presha inaruka ghafla, kichwa kinauma vibaya, jasho linamwagika, na mtu anaweza kufa. Mara ya kwanza iwe mbele ya daktari.

Kwa hiyo nendeni kule mnakochukua mipira ya mkojo, mwende wawili, na mama mkwe awafuate asikie kwa masikio yake. Mwambieni nesi neno hili tu: tunataka mtoto. Aupime mkojo wa Antoine, maana uchafu wa kwenye mpira huharibu mbegu, na wewe pia upimwe. Halafu muombe barua ya kwenda hospitali kubwa kwa daktari wa njia ya mkojo na uzazi wa wanaume. Pitchou mwambie aingie ndani na samaki wake, ale na kaka yake. Yule kijana hajakosa kitu, na wa kumbeba Antoine mpaka kwenye gari ni yeye.

Antoine, najua redio iko pale juu ya kifua yako. Nakuongelesha weye sasa, na Kiswahili ya kwenu. Ulisema ulikufaka ku ngazi. Luse, bibi yako, anakugeuza asubuhi na magaribi, juu usipate bidonda. Miye nimezika bantu bengi, na siyaona hata siku moja mutu anageuza maiti. Acha kumutuma bibi yako kwa bengine. Muulize kama anakutaka, na umungoje ajibu.

Na wewe, Luse, mjomba wako anakupenda lakini amekosea. Usimngoje mpaka ziwa lifunguliwe. Toa ushanga kwenye kopo leo, umpelekee kwa mkono wako, umwambie utauhitaji siku ukifiwa, na hujafiwa. Mtoto asipokuja, mtalia, na dawa ya kilio hicho sina. Lakini mtalia wawili, naye hatageukia ukuta.

Yaya Pierrette