Haiogopi Maji

Tarehe 3 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wenzako wote wa zahanati, na kwamba mgongo umeacha kukusumbua. Mimi sijambo, ila kichwa kinaniuma kwa nyundo za karakana, maana ofisi yetu ya mauzo iko juu yake.

Pikipiki yako imepanda lori la dawa leo asubuhi. Nimeifunga kamba mwenyewe, sikumwamini mtu. Ni ya kwanza ya toleo hili kwenda huko kwenu, na hapa dukani tunaisifu kwa kusoma tu: ya lami na ya porini, mashine moja kwa kazi zote mbili. Meneja wangu hajaipitisha hata kwenye dimbwi. Kwa hiyo nina ombi. Ukishaizoea, niandikie unavyoiona, zuri na baya, kama unavyoongea ukiwa jikoni na hakuna mgeni. Bado niko kwenye majaribio ya kazi, na meneja anampenda mtu mwenye habari za wateja. Simu yako haipatikani ila siku ukijisikia kupanda kilima, ndiyo maana nimemwomba dereva wa lori abebe barua zetu.

Nilipokuwa naifunga nikakumbuka uliponifundisha kwenye pikipiki ya baba. Unakimbia nyuma, unasema "nimekushika, nimekushika," kumbe uliniachia zamani. Nikigeuka naona uko mbali, umejishika kiuno unacheka. Mpaka leo sijakusamehe.

Wako mdogo wako,
Kidevu


Tarehe 21 Februari

Mdogo wangu Kidevu,

Marahaba. Mimi na wenzangu hatujambo, na mgongo umenyamaza tangu nianze kukalia kiti hicho kipya. Wewe kunywa maji, kichwa hakiumi kwa nyundo peke yake. Nakujua.

Umetaka nisikufiche, haya. Kwanza, ni ndefu. Unajua mimi nilivyo. Mama alikuwa akinituma vitu vya juu ya kabati bila kuvuta kiti. Hata hivyo nikiwa juu yake nagusa chini kwa vidole tu. Mkunga wetu, yule ninayeishi naye nyumba ya watumishi, chumba chake na changu ukuta mmoja, aliijaribu uani miguu ikabaki inaning'inia. Tulicheka mpaka akashuka amenuna, akaninyima chai jioni ile. Ni pikipiki nzuri kwa mwenye miguu mirefu, ila mfupi msimuuzie.

Injini haina maringo, asubuhi inawaka mara moja. Kwenye lami imetulia, lakini ukiikimbiza usukani unatetemeka mpaka mikono inakufa ganzi. Taa ya mbele ilikuwa ikimulika matawi ya miti badala ya njia. Nimeishusha kwa bisibisi. Porini ndiko kwao. Ule mlima wa kituo cha juu, ambao ile ya zamani nilikuwa nikiisukuma huku naitukana, hii imeupanda na kasha la chanjo nyuma, na barafu ndani haijaanza hata kutoa jasho. Nilipofika juu nilicheka peke yangu. Nimeipenda, sikufichi.

Kula vizuri. Usimkubali meneja kila kitu.

Dada yako


Tarehe 7 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini hujambo na mkunga amekurudishia chai yako. Mimi ni mzima wa afya.

Barua yako nimemsomea meneja. Hayo ya mlima na barafu aliniomba niyarudie, akasema hakuna mtu wa matangazo anayeweza kuandika hivyo. Kwa mara ya kwanza ameniuliza mimi ni mtoto wa nani. Dada, nilijisikia mtu.

Sasa mvua zimeanza. Andika na hayo ya tope na mito. Na upigwe picha moja nzuri, umevaa kofia yako ya pikipiki, kasha la chanjo lionekane. Ni ya kuweka mezani kwangu.

Wako mdogo wako,
Kidevu


Tarehe 25 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba, na hongera ya kuulizwa wazazi. Huku tu wazima, tumelowa tu. Nguo hazikauki, chumba kinanuka soksi. Picha hiyo hapo, kaipiga mkunga, ndiyo maana nimeinamisha kichwa, alikuwa akinichekesha.

Haya ya mvua. Kwenye tope matairi yake yanashika vizuri, unapita mahali ambapo magari yanabaki yakilia. Na haiogopi maji. Maji ya mto yalifika katikati ya gurudumu, ikaingia bila kusita. Lakini hapa nisikilize vizuri, usisome huku unakunywa soda.

Kuna swichi ndogo kwenye stendi ya pembeni, imewekwa ili injini izime ukisahau kuipandisha stendi. Nia nzuri. Sasa swichi hiyo ikilowa au ikiingia tope, inadhani stendi iko chini hata kama umeipandisha, na injini inazima papo hapo. Mara ya kwanza ilinizimikia kwenye dimbwi, nikasema ni mkosi wangu. Mara ya pili ilikuwa katikati ya mto. Ilianza kulala upande wa maji yanakoelekea, na kama si urefu huu wa miguu isingebaki pikipiki, wala chanjo, wala mimi. Niliogopa, mdogo wangu. Nilipofika ng'ambo nilikaa chini kwanza.

Tangu hapo nikifika mtoni nazima mwenyewe, nashuka, naisukuma. Mwambie fundi wenu mkuu. Mwambie msiuze nyingine kwa watu wa mito mpaka swichi hiyo ibadilishwe. Hilo si la utani wa jikoni.

Dada yako


Tarehe 12 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, natumaini nawe pia.

Naandika kwa haraka, dereva ananipigia honi. Nimethibitishwa kazini, dada! Nina meza yangu, karibu na dirisha, mbali kidogo na nyundo. Na tumehamia nyumba ya vyumba viwili, mke wangu anakusalimu sana. Picha yako kila mtu ameisifu. Hilo la swichi limefika kunakohusika, usiwe na wasiwasi.

Endelea kuandika. Maneno yako yana baraka.

Wako mdogo wako,
Kidevu


Tarehe 30 Mei

Kidevu,

Nilianza kuandika marahaba kalamu ikakataa. Nitakupa habari, halafu utanijibu.

Mkunga alikwenda likizo mjini mwezi uliopita. Alirudi juu ya lori la dawa na pikipiki mpya nyekundu, ndugu ya yangu. Mimi sikuwepo, nilikuwa kituo cha juu kwa chanjo za wiki nzima. Wenzangu wanasema aliifunika shuka na kuwakataza wasinitumie habari, alitaka nikifika nishangae. Walimwona akiifanyia mazoezi uani. Alikuwa amejishonea soli mbili za ziada chini ya buti, ili miguu ifike chini.

Kabla sijarudi aliitwa ng'ambo kwa mama mwenye uchungu. Akaingia mtoni amekaa juu yake. Katikati ikazima. Miguu haikufika chini, pikipiki ikamlalia, na waliokuwa wakilima karibu ndio waliomtoa. Mguu umevunjika juu na chini ya goti. Yule mama alijifungulia mikononi mwa majirani; yeye na mtoto wako hai, na hilo ni jambo pekee ninaloweza kukuandikia kwa amani.

Walinipa mkoba wake niupeleke hospitali. Ndani, kati ya glavu na mkasi, kulikuwa na karatasi ya kung'aa iliyolowa. Picha yangu, kichwa nimeinamisha, kasha la chanjo nyuma. Na chini yake maneno yangu. "Ni pikipiki nzuri." "Injini haina maringo." "Nimeipenda, sikufichi." Na kwa herufi kubwa kuliko zote, "Haiogopi maji." Wamemalizia: Mhudumu wa chanjo, mteja wetu.

Nimesoma karatasi hiyo nimesimama kwenye korido ya hospitali, watu wananipita na mabeseni. Hapo kila sentensi ni yangu, na yote kwa pamoja sikuyasema mimi. Ulikata mahali pa "lakini" kila mara, kwa ustadi kabisa. Na picha iliyokuwa ya mezani kwako sasa iko mikononi mwa watu nisiowajua.

Niliingia wodini. Nikamuuliza mkunga kwa nini hakuniuliza kwanza, na sisi tunalala ukuta mmoja.

"Nikuulize nini tena," akasema, "na wewe umeshasema?"

Nikamweleza kuwa niliandika habari za swichi, ingawa nyumbani sikuitaja nisiwatie hofu. Akauliza barua iko wapi. Nikasema iko kwa mdogo wangu. Akageukia ukutani, na mpaka naondoka hakunigeukia tena.

Nijibu jambo moja tu. Fundi mkuu ulimwambia?

Dada yako


Tarehe 14 Juni

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimesikitika mno. Mpe mkunga pole yangu, na wewe pole pia. Mimi afya ninayo, usingizi sina.

Naomba unielewe. Sikubadilisha neno lako hata moja. Meneja alisema karatasi ni ndogo, tuchukue yaliyo mazuri, kila duka linafanya hivyo. Habari ya swichi nilimpelekea yeye. Akasema nisiifikishe kwa fundi kwanza, mpaka pikipiki zilizopo ziishe, kwa sababu zikifunguliwa zote mauzo yatasimama. Nilikuwa siku chache kabla ya kuthibitishwa. Ningefanya nini? Nilijua wewe unashuka na kusukuma, kwa hiyo wewe ulikuwa salama. Wengine sikuwafikiria, na hilo nakiri.

Lakini dada, hata wewe ulinidanganya ukasema umenishika wakati umeshaniachia. Ulifanya hivyo ili nisonge mbele. Na mimi nilitaka kusonga mbele.

Sasa wakubwa wametuma watu wa kuchunguza. Meneja anaomba uandike mistari michache, kwa mkono wako, kwamba mto siku ile ulikuwa umejaa kupita kiasi, na mkunga alikuwa mgeni wa pikipiki hiyo. Si uongo, yote mawili ni kweli. Ukiandika, nabaki na kazi yangu. Usipoandika, mimi ndiye nitakayetolewa, si yeye. Nakuomba kama mama yangu wa pili.

Wako mdogo wako,
Kidevu


Tarehe 2 Julai

Kwa ofisi ya mauzo,

Mmeomba maoni yangu kwa mkono wangu. Nimeyaandika polepole mezani kwa mkunga, ambaye bado yuko hospitali, na nimehakikisha kila sentensi imebeba yote, ili popote mtakapopitisha mkasi swichi ibaki. Nakala nyingine ameibeba dereva huyu huyu, amkabidhi fundi mkuu mkononi. Ya tatu iko ukutani zahanati, karibu na dirisha la dawa, ambapo kila mtu husimama.

Pikipiki hii inapanda mlima na kasha la chanjo, na inazima katikati ya mto kwa swichi mliyoijua tangu Machi. Injini yake haina maringo asubuhi, wala haina huruma swichi ya stendi ikilowa. Ni nzuri kwa mwenye miguu mirefu anayeshuka mtoni na kuisukuma, na mbaya kwa mkunga mfupi aliyeaminishwa hana haja ya kushuka. Mto siku ile ulikuwa na maji mengi, na mnunuzi alikuwa ameambiwa kwa herufi kubwa kuwa haiogopi maji. Mkunga alikuwa mgeni wa pikipiki hiyo, na aliyeijua alikuwa ameshaandika onyo ambalo mlilikata. Niliipenda nilipofika juu ya mlima, na sasa siwezi kuigusa bila kuona mguu wake umefungwa plasta. Mdogo wangu hakubadilisha neno langu hata moja, na amenifanya mwongo kwa mtu ninayelala naye ukuta mmoja.

Na wewe Kidevu, kuhusu pikipiki ya baba, nilikuachia uwanjani, kwenye majani, baada ya kuondoa mawe yote, na nilikuwa nakimbia nyuma yako mpaka pumzi ikanikatika. Ukianguka ungeangukia mahali nilipopachagua mimi. Wewe ulimwachia mkunga katikati ya mto na ukaenda kukaa karibu na dirisha.

Nimeumia kuliko nilivyoumia siku tulipomzika mama. Siku ile ulikuwa upande wangu.

Msinitumie barua kwa lori la dawa. Dereva nimeshamwambia achukue dawa tu.

Mhudumu wa chanjo,
mteja wenu