Babu Asile Kitu Mpaka Achukuliwe

Reem mwanangu,

"Mbwa mzee hivyo nani atamtaka?" Mama Brightson wa jirani aliniulizaga. Kituo cha mbwa kimempata mtu: Mzee Didas wa Kinyerezi anamfuata Babu leo baada ya alasiri. Mpaka hapo mpe maji tu. Akikulamba, osha mara saba, ya kwanza kwa udongo. Upo kwenye kopo.

Alfajiri nilikuta nyama bandani kwake. Babu hakuigusa, meno hana. Kunguru kaidokoa, kafa palepale. Na geti lilikuwa bado limefungwa kwa ndani.

Naogopa, mwanangu. Nakwenda Manzese kumwita mjomba wenu. Kaka yako akirudi, mwambie ~~asiingie~~ chai yake ipo kwenye chupa. Nilimuuliza taratibu, "Mazin, ni wewe?" Akavaa kandambili, akatoka.

Mama