Sahihi ya Mukwe Mulevi

Jumatatu, 6/9/1999
Binti yangu Mukamusoni amerudi kwangu, godoro kichwani. Ndoa imekwisha! Mi nilisema tangu siku ya mahari: ile Rutagengwa, bwana yake, iko na shingo ya chupa. Hakuna aliyesikia. Sasa wanasikia.

Mwalimu muzima! Kanyanga, ile pombe kali ya magendo, ilimufukuzisha shuleni. Akauza kabati, akauza mabati ya jikoni, na jana ameleta mutu wa Goma kupima nyumba kwa hatua za miguu. Nyumba ya nani? Parsele, ile kiwanja, nilitoa mi. Mawe ya volkano nilibeba mi, na hii mugongo, na miaka sitini na mbili — vijana walikuwa wanapumzika. Yeye alibeba nini? Kiu.

Mununuzi anarudi Jumapili. Nimemwambia Mukamusoni: talaka ingojee, mutoto. Nyumba kwanza.

Jumatano, 8/9/1999
Nimefika kwa Konseye, diwani wa sekta. Hakunipa kiti, nimechukua mwenyewe. Anasema Rutagengwa atie sahihi mbele ya mashahidi kwamba nyumba ni ya Mukamusoni, imetoka kwa baba yake. Donc mutu wa Goma atakosa cha kununua, na tribinali ikivunja ndoa, nyumba iko salama. Lakini asikuwe amekunywa, ata tone moja! Karatasi ya mulevi ni ya kuwashia moto. Kule Kanzenze mununuzi alirudisha shamba sababu ya karatasi kama ile.

Bon. Nimekuta Rutagengwa amelala mbele ya mulango, jua inamuingia kwa meno. Nikasema: we chukua redio na baiskeli, sisi nyumba. Akauliza kwanza kama baiskeli iko na pumzi. Akakubali! Na watu wanasema mi si mujanja.

Ijumaa, 10/9/1999
Majirani! Nyiraneza, nyumbakumi wetu, mama wa mudomo, ameniambia: "Muzee Gakwaya, ulisikia wapi watu wanashuhudia parsele na midomo mikavu? Bila urwagwa hatukuona kitu." Nikasema nitaleta chai. Wakacheka mpaka kukohoa. "Chai ni ya wagonjwa!"

Bon, desturi ni desturi. Watu wakikunywa pombe ya ndizi pamoja, ndipo wanakumbuka mupaka.

Lakini nimepata akili. Mutungi itakuja, mudomo imefungwa na jani la mugomba, itakaa katikati ya miguu yangu. Sahihi kwanza, kikombe nyuma. Nani mwingine Gisenyi nzima angefikiri ile?

Rutagengwa nimemulaza kwangu, chumba ya viazi, asikaribie pombe. Mukwe kulala kwa baba mukwe, aibu! Lakini aibu yake ilikwisha zamani, nani ataona tofauti?

Jumamosi, 11/9/1999, asubuhi
Tuko mbele ya nyumba. Konseye, Nyiraneza, majirani wanne. Mutungi iko katikati ya miguu yangu, muguu moja juu ya jani. Naandika juu ya goti. Wanadhani ni prose-verbal, ripoti ya mukutano. Wadhani tu.

Karatasi imesomwa. Rutagengwa amekubali kila neno, sauti safi, kama mwalimu wa zamani. Lakini mukono! Inacheza kama kuku ya kukatwa kichwa. Karatasi ya kwanza kalamu imetoboa. Ya pili wino imeelekea Goma. Hewa ya ziwa ni baridi na yeye anamwaga jasho.

Konseye akasema pole pole: "Mwalimu, tia kidole tu."

"Kidole? Konseye, nani alikufundisha kuandika jina yako? Mi sitii kidole."

Konseye ameangalia viatu vyake. Hatamulazimisha.

Sasa Rutagengwa amenigeukia mi, baba mukwe wake. "Databukwe, kikombe kimoja tu. Mukono itatulia. Nitaandika vizuri."

Yebaba we! Nikimupa, ni karatasi ya mulevi. Nikimunyima, hakuna karatasi, na kesho mutu wa Goma iko hapa.

"Kimoja si ulevi, Muzee, ni dawa!" Ile ni Nyiraneza. Konseye amegeuza uso kwa barabara, ati anaangalia voiture inapita. Hakuna voiture.

Mukamusoni ameleta kikombe. Miaka kenda alikuwa anamwaga chupa za huyu mwanaume nyuma ya nyumba. Sasa anashika kikombe na mikono mibili. Ananiangalia mi tu.

Sijawahi kumupa mulevi pombe. Sijawahi! Muguu yangu ingali juu ya jani la mugomba. Rutagengwa anaangalia ile muguu. Wote wanaangalia.